Transfoma inanguruma bila mzigo? Umeinyima mizunguko, mdogo wangu

Swali nililoletewa na kijana mmoja wa Muheza nalifupisha hivi:

"Shikamoo fundi. Nasoma umeme mwaka wa pili. Nilipata transfoma ya chaja iliyoungua nikairewaindi mwenyewe, nataka chaja ya betri za volti 12. Ulimi wa katikati wa yale mabati una upana wa sentimita 4, na mrundo wake kimo ni sentimita 4. Koili ya zamani ilikuwa imeshikana donge, sikuweza kuhesabu, nikaweka mizunguko 340 upande wa umeme wa ukutani kwa waya wa milimita 1.2 maana ndiyo iliyoenea. Nikiwasha, sijafunga mzigo wowote, inanguruma mpaka meza inatetemeka, klampu mita, ile ya kupima karenti kwa kuushika waya, inacheza kwenye ampea 5, dakika mbili tatu vanishi inanuka. Kuna mara breka inakata pale pale. Mwalimu kasema chuma kimeshiba flaksi. Fundi, flaksi na uga wa sumaku nilikariri fomula nikafaulu lakini tofauti yake siijui, na chuma kinashibaje wakati hakuna mzigo?"

Marahaba mdogo wangu. Mwalimu wako kasema kweli ila kakupa mkia wa hadithi kabla ya kichwa. Na hilo la kukariri usione haya, mimi mwenyewe nilitoka chuo nikiwa naandika B ni Φ gawa kwa A, yaani eneo, bila kigugumizi, halafu nikifika benchi niko mbele ya mabati kama hayo yako sijui nianzie wapi. Kwa hiyo nakujibu kwa kutumia transfoma yako hiyo hiyo, namba zako hizo hizo, tusiende mbali.

Anza na daladala. Hiace ina watu 20, Coaster nayo ina watu 20. Watu ni wale wale 20, lakini kwenye Hiace mtu ana goti la mwenzie mbavuni na kwenye Coaster unajinyoosha. Sasa idadi ya watu ndiyo flaksi, ile Φ. Kubanana kwao ndiyo B, vitabu vinaita msongamano wa flaksi, na wengi wakisema "uga wa sumaku" wanamaanisha hiyo B. Flaksi inapimwa kwa weba, B inapimwa kwa tesla, na tesla moja ni weba moja iliyopita kwenye eneo la mita mraba moja. Basi. Ukiniambia flaksi ni kiasi gani bila kuniambia eneo, sijui chuma kinateseka au kimestarehe, na ukiniambia B bila eneo sijui koili yako itapata volti ngapi. Vinahitajiana.

Ili upate hisia za hizo tesla: sumaku ya dunia, ile inayogeuza sindano ya dira ya nahodha pale bandarini, ni kati ya mikrotesla 25 na 65 kutegemea uko wapi duniani, na sisi huku karibu na ikweta tuko upande wa chini. Chuma cha transfoma iliyotengenezwa vizuri kinabeba tesla moja na kitu, yaani maelfu kwa maelfu ya mara zaidi, na kipo kimya tu ndani ya boksi.

Jambo jingine dogo, eneo linahesabiwa lile linalokabili uga uso kwa uso. Ukishika tenga mdomo ukaelekeza mkondo wa maji, maji yanapita mengi, ukiligeuza ubavu hayapiti hata kama tenga ni lile lile na mkondo ule ule. Hapo ndipo ile kosaini inapotokea kwenye fomula, haina maajabu. Ila mfano wa maji usiung'ang'anie sana maana kwenye flaksi hakuna kitu kinachotiririka, hakuna chembe inayotembea kutoka ncha ya kaskazini kwenda kusini. Mistari tunayochora ni namna ya kuchora nguvu tu, na mistari hiyo haina mwanzo wala mwisho, inazunguka na kujifunga yenyewe, ndiyo maana transfoma yako ina ulimi katikati na miguu miwili pembeni, kinachopanda ulimini lazima kirudi kwa miguuni.

Sasa tuje kwenye roho ya jambo. Tanga sisi ni watu wa baiskeli, na kama baba yako au babu yako alikuwa na baiskeli ya zamani basi unaijua ile dinamo inayoegemea tairi, ya volti 6 na wati 3. Mimi nilishaifungua moja nikiwa mdogo nikapigwa. Ndani kuna sumaku ya duara inayozunguka, na pembeni koili imekaa imetulia, haisogei. Baiskeli ikisimama taa inazima. Sumaku bado ipo, uga upo, flaksi inapita kwenye koili vizuri kabisa, lakini volti ni sifuri. Ukianza kukanyaga taa inafifia fifia, ukiteremka mlima inawaka mpaka unaogopa globu itakatika. Faraday, mwanasayansi wa Uingereza, ndiye aliyelikamata hili mwaka 1831: koili haijali flaksi ni nyingi au kidogo, inajali flaksi inabadilika kwa haraka gani. Hata mitambo ya kule Mto Pangani, Hale ya tangu 1964 na New Pangani Falls ya megawati 68 iliyokuja 1995, inafanya kazi ile ile ya dinamo ya babu, sumaku inazungushwa na maji badala ya tairi, flaksi kwenye koili zinazoizunguka inapanda na kushuka, volti zinatoka.

Na hapa pana kitu ambacho laiti ningeambiwa chuoni mapema. Weba moja ni volti moja mara sekunde moja. Si mfano huo, ndiyo maana yake kamili. Koili yenye mzunguko mmoja ikitoa volti moja kwa muda wa sekunde moja, flaksi ndani yake imebadilika weba moja. Kwa hiyo unaweza kuisoma sheria ya Faraday kwa mbele na kwa nyuma. Kwa mbele: badilisha flaksi, upate volti, hiyo ni dinamo. Kwa nyuma: weka volti kwenye koili, na flaksi ITABADILIKA itake isitake, mpaka volti inayozalishwa na koili yenyewe ilingane na ile uliyoiweka. Hiyo ya pili ndiyo transfoma yako. Ukichomeka ukutani unakuwa umeamuru flaksi. Chuma hakikuulizwa.

Tupige hesabu sasa, chukua kalamu.

Umeme wetu ni volti 230, hezi 50. Mawimbi 50 kwa sekunde, kwa hiyo nusu wimbi ni milisekunde 10. Ndani ya nusu wimbi volti inapanda kutoka sifuri mpaka kilele inashuka tena sifuri, wastani wake ni 0.9 ya ile 230, yaani 207. Zidisha 207 kwa sekunde 0.01 unapata volti-sekunde 2.07. Huo ndio mzigo wa kila nusu wimbi ambao lazima ubebwe. Nani anabeba? Mizunguko. Unaugawa kwa idadi ya mizunguko, kila mmoja unachukua fungu lake. Wewe una 340, kwa hiyo 2.07 gawa kwa 340 ni weba 0.0061. Haya ni mabadiliko kutoka upande mmoja mpaka upande wa pili, maana flaksi ya umeme wa AC inaenda hasi na chanya, sasa hivi huku sasa hivi kule, ni waja leo waondoka leo. Kilele chake ni nusu, weba 0.00304.

Eneo la ulimi wako ni 4 kwa 4, sentimita mraba 16, lakini kati ya bati na bati kuna vanishi, chuma chenyewe ni kama asilimia 95, weka 15.2. Gawa: 0.00304 kwa mita mraba 0.00152. Jibu ni tesla 2.

Hapo nilipoona namba hii nilicheka peke yangu. Bati la transfoma lenye silikoni likifika tesla 1.6 au 1.7 linaanza kugoma, likifika 2 limekwisha kabisa. Ndani ya chuma kuna vijisehemu vidogo vidogo, kila kimoja ni sumaku, kwa kawaida vimetazama huku na kule vinafutana. Ukipitisha karenti kidogo kwenye koili vinageuka upande mmoja kama watu waliosikia kengele, na kugeuka kwao ndiko kunakokupa flaksi nyingi kwa karenti kiduchu. Vyote vikishageuka hakuna wa kugeuka tena. Kuanzia hapo chuma kinakuwa kama hewa tu, ukitaka flaksi ya ziada unailipia karenti kwa bei ya hewa, na bei ya hewa ni maelfu ya mara ya bei ya chuma. Huko ndiko kushiba anakosema mwalimu. Volti ya ukutani inadai tesla 2, chuma kinatoa kwa shida, karenti inaruka kwa ncha kali kila wimbi linapofika kwenye kilele cha flaksi. Na hiyo klampu mita yako, kama ni ile ya bei ya chini, inakudanganya kwa upole: imetengenezwa kusoma wimbi laini, karenti ya ncha ncha inaisoma pungufu. Ampea 5 unayoiona, halisi ni zaidi.

Sasa swali lako la "hakuna mzigo". Naona unafikiri flaksi inaletwa na mzigo, yaani ukifunga betri ndio flaksi iongezeke. Ni kinyume, na hata mafundi wa miaka mingi wanalikosea hili. Ukifunga mzigo, karenti ya upande wa pili inataka kuipunguza flaksi, flaksi ikitaka kupungua volti ya kujizuia ya koili ya kwanza nayo inapungua, ukuta unasukuma karenti zaidi mpaka flaksi irudi pale pale ilipokuwa. Matokeo yake flaksi bila mzigo na flaksi yenye mzigo karibu ni sawa, na ukweli ni kwamba kwenye mzigo inapungua kidogo kwa sababu volti fulani inapotelea kwenye ukinzani wa waya. Kwa hiyo kama chuma kinashiba, kinashiba hata transfoma ikiwa imekaa mezani haifanyi lolote. Transfoma inayochemka bila mzigo usiitafutie shoti tu, hesabu mizunguko kwanza. Ingawa shoti ya mzunguko na mzunguko nayo inaleta dalili hizo hizo, na kwa waya uliofungwa kwa mkono siwezi kuiondoa kwenye orodha mpaka ufungue.

Kuna karenti ndogo ya halali bila mzigo, ya kuisimamisha flaksi tu. Hapo ndipo inapoingia ile H inayowachanganya sana wanafunzi maana nayo vitabu vingine vinaiita uga wa sumaku. H ni msukumo: ampea mara mizunguko, gawa kwa urefu wa njia ya flaksi. B ni kilichopatikana baada ya kusukuma. Chuma kizuri kinakupa B kubwa kwa H ndogo. Sina la zaidi hapo, ukishajua ipi ni jasho na ipi ni mavuno huwezi kuzichanganya tena.

Ila kwenye njia ya flaksi nikushike mkono kidogo, maana hapa ndipo kazi ya mkono inapoharibika. Mabati yako ni ya herufi E na I. Ulivyoyarudisha, uliyapishanisha, E moja mdomo huku na inayofuata mdomo kule? Au uliweka E zote upande mmoja na I zote upande mmoja, ukabana bolti? Nauliza kwa sababu wengi wakichoka mwishoni wanafanya hivyo, mabati yanasumbua, yanakata vidole. Sasa angalia. Kwa ulimi wa sentimita 4 njia yote ya flaksi kuzunguka ni kama sentimita 24. Karatasi ya daftari unene wake ni kama sehemu ya kumi ya milimita. Kama bati lako ni rahisi kupitisha flaksi mara 4000 kuliko hewa, basi mwanya wa unene wa karatasi moja tu ni sawa na kuongeza sentimita 40 za chuma. Karatasi moja imezidi transfoma nzima! Ukiipigia hesabu, kwa tesla 1.2 mwanya huo peke yake unadai karibu ampea-mizunguko 95, na flaksi inavuka mianya miwili, kwenda na kurudi. Kutu, tone la vanishi lililokauka kwenye ukingo, bati lililopinda, vyote hivyo ni karatasi. Lakini ona jambo zuri: flaksi haikupungua. Volti ya ukutani ni ile ile, mizunguko ile ile, flaksi lazima iwe ile ile. Kilichobadilika ni bei. Mwanya unapandisha karenti, haupunguzi flaksi, kwa hiyo usije ukaambiwa na mtu "weka karatasi katikati chuma kisishibe" ukafanya kwenye transfoma ya ukutani, utakuwa unaongeza karenti bure. Karatasi ina mahali pake, kwenye choki, zile koili za kuzuia karenti isibadilike haraka, zinazobebeshwa DC, yaani karenti ya upande mmoja, si hapa.

Kunguruma je? Chuma kikisumakishwa kinarefuka kidogo mno, kikisumakishwa kinyume kinarefuka vile vile, hakijali upande. Kwa hiyo kwa hezi 50 kinanyooka mara 100 kwa sekunde, ndiyo sauti ile ya mmmmm unayoisikia hata kwenye transfoma za nguzoni usiku ukipita kukiwa kimya. Ya kwako ni zaidi ya mmmm kwa sababu karenti ni ya ncha, inatikisa mabati na waya pia, na kama bolti hazijakaza basi inakuwa ngoma kamili.

Sasa breka. Hii naipenda kwa sababu hesabu yake umeshaifanya tayari bila kujua. Nilisema ndani ya nusu wimbi flaksi inatembea kutoka hasi mpaka chanya, weba 0.0061 kwa transfoma yako. Hiyo ni ikiwa imeshazoea. Lakini siku unachomeka, flaksi haiko hasi, iko sifuri, imelala. Kama bahati mbaya umechomeka pale volti inapovuka sifuri kwenda juu, nusu wimbi zima inapandisha flaksi kuanzia sifuri, safari nzima ya 0.0061 yote upande mmoja. Hiyo ni tesla 4 kwa mabati yako. Hakuna chuma cha tesla 4. Karenti inaruka makumi ya ampea kwa kitambo kidogo, breka inasema mimi sipo. Ukichomeka pale volti iko kileleni, hakuna kitu, inawaka kwa adabu. Kwa kuwa mkono wako hauwezi kuchagua milisekunde, mara inakata mara haikati, na ndiyo maana inaonekana kama mambo ya kishirikina. Hata transfoma nzuri ina mruko huu, ila ya kwako inaanzia pabaya.

Kuhusu hezi, neno moja tu. Flaksi ni volti mara muda, ukirefusha muda umeongeza flaksi. Jenereta iliyochoka ikishuka hezi 40 huku volti iko 230, flaksi imepanda asilimia 25. Vile vile ukikuta kwenye mitumba kifaa kimeandikwa hezi 60 pekee, kukifunga kwenye hezi 50 kwa volti ile ile ni kukiongezea flaksi asilimia 20, kinaweza kuvumilia au kisivumilie, inategemea aliyekitengeneza alikuwa mkarimu wa chuma kiasi gani. Wengi si wakarimu, chuma ni hela.

Nikuchekeshe kidogo. Nikiwa kijana nilikuwa msaidizi kwenye shamba moja la mkonge, kuna korona ile mashine ya kuchakata majani, inatumia maji mengi na maji yanaletwa na pampu. Mota ya pampu imeandikwa kibati chake: 230 delta, 400 staa, ambazo ni namna mbili za kuunganisha koili zake tatu, na kwenye delta kila koili inapata volti yote ya laini. Mimi nikafunga delta, nikawasha kwenye laini ya volti 400. Pampu nilikuwa sijaikamatisha hata, mota iko huru, ikaanza kulia sauti nzito ya ajabu na mwili ukapata moto mkono haugusi. Nikasema beringi. Nikafungua beringi nzima, nikaweka mpya, nikawasha, vile vile. Msimamizi alikuja akaangalia kwenye boksi la tamino sekunde tatu, akahamisha vibati, akaondoka hakusema kitu. Kila koili ilitakiwa ipate 230 mimi naipa 400, flaksi mara 1.73, chuma kimeshiba mpaka kimevimbiwa. Ni ugonjwa wako huo huo, wewe umepunguza mizunguko, mimi niliongeza volti. Beringi nilikatwa kwenye malipo.

Haya, tuitengeneze. Mafundi wa mtaani wana namba yao, 45. Wanasema chukua 45 gawa kwa eneo la ulimi kwa sentimita mraba unapata mizunguko kwa kila volti. Wengi hawajui imetoka wapi, na ukiwauliza wanakwambia nilifundishwa hivyo. Imetoka kwenye hesabu ile ile tuliyopiga juu: 45 ni hezi 50 na tesla 1 kamili. Ukikubali tesla 1.2 inakuwa 37.5. Kwa ulimi wako, 37.5 gawa kwa 16 ni 2.34, mara 230 ni mizunguko 540. Kwa 45 inakuwa karibu 647. Wewe uliweka 340, ni kama mizunguko moja na nusu kwa volti, kwa hiyo umepungukiwa vibaya sana.

Mimi ningeweka 600. Mabati yako ni ya kuokota, hatujui ubora wake, na kuna usiku watu wakishalala volti inapanda 240 na zaidi, uache nafasi. Na usiniambie haienei. 340 ilijaza kwa sababu waya wa 1.2 ni mnene bila sababu. Chaja ya ampea 10 kwa volti 15 ni wati 150, upande wa ukutani ni ampea 0.7 hivi, waya wa milimita 0.6 mpaka 0.65 unatosha. Upande wa pili, 600 gawa kwa 230 ni mizunguko 2.6 kwa kila volti, na 2.6 mara 15 ni 39, ongeza miwili kwa volti itakayopotea kwenye waya, weka 41, waya wa milimita 2.2 hivi, au shika nyembamba kadhaa pamoja kama mnene haukunjiki. Kila safu ya waya weka karatasi ya kuhami, na kati ya upande wa ukutani na upande wa betri usifanye ubahili kabisa, pale weka tabaka tatu nne, maana hapo ndipo mtu anapofia. Hesabu kwa sauti au kwa alama ya chaki kila kumi kumi, simu weka mbali. Mabati yasafishe ukingo, yapishanishe moja moja, gonga kwa nyundo ya mbao yakae, ndio ukaze bolti.

Kuwasha mara ya kwanza usichomeke moja kwa moja. Tafuta globu ya zamani ya waya ya wati 100, ifunge siriz na upande wa ukutani. Ukiwasha bila mzigo, globu ikibaki giza au uzi wake umepata wekundu kidogo tu kama kaa la mwisho jikoni, uko salama, ondoa globu upime karenti, itakuwa sehemu ya ampea. Ikiwaka kwa nguvu, zima. Hapo ni ama mzunguko umeshikana na mwenzie, ama umehesabu vibaya, na nitakuuliza la pili kwanza. Nitumie picha ya mabati kabla hujayafunga, upande wa ubavu, nione yamepishana.